Mstari wa Chaki

Kabla ya kila onyesho, mwanamuziki ninayempigia piano huchora mstari wa chaki jukwaani, na hata mimi siuvuki. Chombo chake hakiguswi: ni sanduku lenye antena mbili, hulia mkono ukisogea hewani, na mwili wa mtu ukikaribia huipotosha sauti. Siku ya onyesho hanywi chai, asije akatetemeka vidole. Hupiga akiwa ameinua kidevu, bila kupepesa macho. Niliwahi kukohoa, hakunisemesha wiki nzima.

Jana, katika ukumbi wetu sisi Warusi wa New York, mwalimu wake wa zamani wa fidla, Gavriil Osipovich, alikaa mbele kabisa. Katikati ya wimbo akaropoka, "Kuna santuri humo! Mnachezewa shere, jamani!" Akapanda jukwaani, akavuka chaki. Sauti ikapaa kama paka aliyekanyagwa mkia. Mwanamuziki hakugeuka. Mzee alivyozidi kusogea, naye aliuvuta mkono nyuma kidogo kidogo, mpaka sauti ikatulia, safi kabisa. Mzee alichungulia nyuma ya sanduku, asione santuri. Uso ukamsawijika, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Simama hapo hapo, Gavriil Osipovich," alimwambia, meno yameumana. "Nimeshakuingiza kwenye wimbo. Ukiondoka, unaniharibia tena."

Mzee akasimama, kofia kifuani, asithubutu hata kukohoa, mpaka wimbo ukaisha.