Lenzi ya Urefu wa Mkono

Wanasema macho hayana pazia. Ya Fundi Herufi yalikuwa nalo, tena zito: mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Miaka thelathini aliandika mabango ya maduka kwa mkono, na sasa alikuwa ameshuka ngazini bango la bucha likiwa nusu, maana mstari ulimpinda mbele ya watu. Bila macho, kazi ingekwisha.

Daktari alimwekea mezani mifano miwili ya lenzi za kupandikizwa ndani ya jicho baada ya kumtoa mtoto wa jicho.

"Hii inaona mbali, na karibu pale unaposhika gazeti. Katikati ni hafifu. Hii nyingine inaona pote patatu, mbali, katikati na karibu, ila inagawanya mwanga, kwa hiyo usiku taa zitavaa duara."

"Chukua ya kwanza, baba," mkewe alisema, mkoba mapajani. "Umri huu, ngazi ya nini?"

Fundi alisimama, akanyoosha mkono ukutani kama ameshika burashi, akaomba apimwe. Kutoka jicho hadi ncha ya kidole: sentimita sabini.

"Hapo ndipo katikati," daktari alisema.

"Basi mimi naishi katikati. Gazeti husomewa na huyu mama, tena huongeza chumvi."

"Mshika mawili moja humponyoka," mkewe alimwambia. "Wewe washika matatu."

"Hiyo ni methali ya mikono, mama. Haya ni macho."

Alipasuliwa jicho moja, kisha la pili, akawekewa ile lenzi ya kuona pote. Taa za barabarani zilivaa duara kweli. Akazizoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele. Macho yalipopona alirudi buchani, akapanda. Aliona hata unywele mmoja wa burashi uliokaa upande, na mstari ukanyooka kama uzi.

Akavuka barabara kulitazama bango, akaduwaa. Mstari mpya ulikuwa mweupe, ule wa zamani wa bluu hafifu. Akaelewa: pazia lilimfanya aone rangi nyeupe kama ya manjano, naye kila mara aliitia tone la bluu kuirekebisha. Mtaa mzima alikuwa ameupaka hivyo.

"Mbona hukuniambia?" alimuuliza mwenye bucha.

"Nilidhani ni ufundi. Wateja wote wanatuita bucha la bluu. Ole wako uniharibie jina."

Fundi alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akafungua kopo la bluu, akatia tone kwenye nyeupe, akapanda ngazi kuufananisha mstari mpya na wa zamani.