Dalali Aliyebakiwa na Neno Moja

Wilfred Tunstall alikuwa dalali wa mifugo hapa kijijini Harrowbeck, na kabla hajaugua alikuwa na maneno mengi mpaka yanakera. Mimi nilikuwa nachemsha chai katika kibanda cha mnadani, ukuta mmoja wa mbao kati yetu, kwa hiyo nadhani nimemsikia kuliko mkewe. Asubuhi za baridi kondoo walifuka mvuke, ukungu wa bondeni ukaingia hadi ndani ya uwanja, na juu ya weupe ule sauti yake ikawa inapita tu, bei juu ya bei, bila kituo, hata wanunuzi wakasinzia wakiwa wima. Mara nyingi nimemimina chai nje ya kikombe kwa kumsikiliza. Kisha nyundo iligonga meza, sote tukazinduka.

Kila mnada aliufungua kwa neno moja: "Rait!" Naliandika linavyosikika. Huku kwetu neno hilo halipumziki. Mgeni akijipiga mapaja na kulisema, basi anaaga, ingawa atasimama mlangoni kitambo kirefu akizungumzia mvua. Mama akilivuta, mtoto aliyevunja kitu hutafuta pa kujificha. Ukisimuliwa uongo unalitoa polepole puani, na msimuliaji anajua umemshtukia. Ni haki, ni kweli, ni haya twende, ni upande wa kulia, ni sawa hata pale ambapo hakuna kilicho sawa. Nimemwona kijana aliyekubaliwa uchumba akalisema hilo tu, halafu akabaki anaangalia viatu vyake. Sisi wenyewe hatulioni kuwa ni neno. Linatutoka kama pumzi.

Mwaka uliofuata kifo cha mkewe, Enid, kiharusi kilimwangusha Wilfred jikoni kwake. Mkono wa kulia ukafa. Maneno yote yakampotea, likabaki hilo moja. Ukimwuliza kama atakunywa chai, rait. Ukimwuliza kama mguu unamuuma, rait. Daktari alisema hutokea hivyo kwa baadhi ya wagonjwa, na kwamba akili yake ingali nzima.

Watu wakaanza kumsemesha kwa kelele kana kwamba ni kiziwi. Walinitia hasira, na niliwaambia. Mimi nilikwenda kwake alasiri, tukakaa dirishani tukitazama vivuli vya mawingu vikipanda mlima upande mmoja na kuteremka upande wa pili, naye akanisimulia mambo kwa neno lake. Aliliinua, akalikunja, akalinong'ona, akalicheka. Ziko alasiri nilizokaa pale nisijue kama nasikiliza au naota. Siwezi kudai nilielewa kila kitu. Lakini nilijua lini anamsengenya jirani na lini anamkumbuka Enid.

Bintiye, Bryony, alifanya kazi mjini na alikuja mwisho wa wiki akiwa na haraka na mkoba wa kadi za picha alizopewa hospitalini.

"Baba, nioneshe. Unataka nini? Kikombe? Kitanda?"

"Rait," alisema Wilfred.

"Hilo siyo jibu. Jitahidi basi, baba!"

"Anataka umwondolee hayo makaratasi puani," nikasema.

"Anti Jessie, siku hizi umekuwa mpiga ramli?"

"Ramli ya nini? Nina masikio, mwanangu."

Nilimpenda yule msichana, nimemlea kwa maandazi ya mnadani. Lakini alikuwa akimtafuta baba yake wa zamani ndani ya huyu, na kila alipomkosa alimkasirikia huyu.

Kisha Bryony akachumbiwa na Callum, fundi wa matrekta, kijana mpole asiye na makuu. Sasa, huku kwetu baba wa bibi harusi husimama baada ya chakula akasema machache juu ya binti yake. Wilfred aliisubiri siku hiyo tangu Bryony akiwa wa kubebwa. Alikuwa akijigamba pale kibandani kwamba siku yake ikifika watu watakula pudini imepoa. Bryony akaja kuniona, macho mekundu.

"Nimemwomba mjomba Clement aseme badala yake."

"Clement? Yule akisema kuku wanalala!"

"Sitaki watu wamcheke baba. Au wamwonee huruma, hiyo ndiyo mbaya zaidi."

"Na yeye umemwambia?"

"Nimemwambia. Kasema rait."

"Kalisemaje?"

"Anti, sina nguvu za mambo hayo. Kalisema tu."

Nilikwenda kwake siku ileile. Alikuwa amekigeuza kiti chake, anatazama ukuta. Nikamwita, hakunijibu hata kwa neno lake. Nikampigia Bryony simu nikamweleza, akaniambia hayo ni mambo ya familia. Iliniuma, nikakata simu.

Harusi ilifanyika mwezi wa Mei, katika ukumbi wa kijiji. Tulikula nyama ya ng'ombe na viazi, jua likapenya madirisha ya juu na kutulegeza viungo, watoto wakalala chini ya meza juu ya makoti ya wakubwa. Clement, kaka yake Enid, alikuwa ameketi upande wa kulia wa Wilfred. Pudini ilipoletwa akasimama, akakohoa, akakohoa tena. Kabla hajafungua mdomo, Wilfred alishika ukingo wa meza kwa mkono wake mzima na kujivuta hadi juu.

"Rait!"

Wafugaji wote ukumbini wakanyamaza papo hapo, kwa mazoea. Mmoja hata alivua kofia.

"Baba, keti," Bryony alinong'ona. "Tafadhali, baba. Utaanguka."

Hakuketi. Akaanza kusema, neno lake juu ya neno lake, kwanza taratibu, kisha kwa ile kasi yake ya mnadani, na sauti ikapita juu ya vichwa vyetu kama zamani. Sijui niseme nini nieleweke. Nilimwona Bryony mchanga amefungwa blanketi, theluji imeziba mlango. Nilimwona akianguka kutoka kwenye farasi wa jirani na kukataa kulia. Alipomfikia Callum aliliinamisha neno hadi likawa onyo, ukumbi ukacheka, Callum akawa mwekundu hadi masikioni. Shangazi mmoja wa Callum, mgeni kutoka kusini, aliniegemea.

"Anasema nini?"

"Shii. Anafika pazuri."

Kisha sauti ikashuka. Neno likawa linatoka moja moja, kwa uangalifu, kama mtu anayevuka kijito juu ya mawe. Tukajua amefika kwa Enid. Alisema kidogo, akatabasamu, halafu akageuka upande wake wa kulia, kama mume anavyomgeukia mkewe katikati ya kisa ili amthibitishie. Clement alikuwa bado amesimama mdomo wazi. Kiti chake kilikuwa kitupu.

"Rait?" Wilfred alikiuliza kiti.

Akasubiri. Akauliza tena, kwa sauti ndogo, na mara hii niliisikia hofu ndani yake, nami nikaogopa pamoja naye.

Bryony aliinuka. Akazunguka meza huku amekusanya gauni lake mikononi, akampita mjomba wake, akaketi kwenye kile kiti. Akauchukua ule mkono wa baba yake uliokufa, akauweka mapajani pake.

"Rait," alisema.

Alilisema kwa ufupi, kwa uchovu kidogo na mapenzi mengi, vilevile kama Enid alivyokuwa akilisema pale Wilfred alipokuwa amezungumza vya kutosha na nyumbani ni mbali. Machozi yalinitoka nami sikuyafuta.

Wilfred alimtazama kwa muda. Pale alimwona nani, binti au mkewe, sijui, na Bryony sikumwuliza. Uso wake ukatulia, akaketi polepole kando yake. Hawakuachana mikono.

Clement akaenda kutafuta kiti kingine.