Nilitafuta platform ya kuchangia game ya koko, ndugu bakaleta bashi ya kilio

Wakuu, salamu kutoka Butembo, kwenye baridi na vumbi.

Mimi ni musomaji wa kimya hapa jukwaani tangu zamani. Juzi kuna mwenzetu aliuliza achague platform gani ya crowdfunding kwa game yake. Nikaanza kumujibu kwa comment, ikawa ndefu, nikasema acha nifungue uzi. Yote haya yalinipata mimi mwenyewe, na mashahidi bako hai, hata yule balimulilia.

Kiswahili yangu ni ya Congo. Mukiona mutu na batu, ao njo pahali pa ndio, mujue keyboard haina shida, ni mwenyewe.

Bon. Niko na rafiki anaitwa Kahindo. Mimi naandika code huku Butembo, yeye anachora akiwa Beni, kule Bungulu. Kazi yake ya kila siku ni kupaka matangazo kwenye kuta za maduka. Mukipita Beni mukaona chupa ya maziwa kubwa kuliko mulango, ni yeye.

Game yetu ni ya shamba moja upande wa Lubero. Unapanda viazi, unavuna maharagi, ukungu ukishuka koko anakuita urudi nyumbani. Njo game yote. Batu baliniambia weka bunduki, itauza. Nikasema bunduki tuko nazo za kutosha, ahsante.

Ile shamba hatukuibuni. Ni ya koko yangu, yaani bibi yangu, mama ya baba. Anaitwa Koko Kavira. Tulikimbia kule, na sitaeleza, munajua habari za kwetu. Sasa anaishi na mimi na mama hapa mujini, na macho yake yanaisha. Docteur alisema dawa ya matone inaweza kuchelewesha, lakini kile kilichokwenda hakirudi. Anaona katikati tu, kama mutu anachungulia ndani ya bomba, na hiyo bomba inazidi kuwa nyembamba.

Nilitaka aone shamba yake kabla ile bomba haijafunga. Hiyo tu, wakuu. Nilikuwa nalala na hiyo, naamuka na hiyo.

Mais Kahindo iko na batoto. Hawezi kuacha kuta za maduka achore nyumba ya koko yangu bure. Ilibidi tupate pesa ya kumutoa kazini kwa muda, njo nikaingia kutafuta platform.

Ya kwanza ilikuwa ile kubwa ya Amerika. Inapendeza kabisa. Ukifikisha lengo unachukua, usipofikisha unakosa yote. Nikafungua mahali pa kuchagua inchi, nikateremka taratibu mpaka herufi C. Canada iko. Congo hakuna. Nikarudia, labda balituweka kwa R ya République. Wapi!

Ya pili ilikuwa ya Wafaransa. Hiyo inakuachia chochote utakachopata, lakini balitaka facture ya umeme yenye adresse yangu. Adresse yangu ni nyuma ya depot ya saruji, uliza kwa Kasereka, njo mimi. Nikaandika hivyo hivyo. Bakakataa.

Ya tatu ilikuwa kidogo, ya vijana ba Afrika, inapokea mobile money. Nikaidharau. Rangi zake mbaya, na batu ba games habaijui. Nikasema mimi ni développeur mukubwa, siwezi kuweka kazi yangu pale.

Donc nikarudi kwa ile ya Amerika, cousin yangu wa Ubelgiji akanifungulia kwa jina lake. Video safi, maandishi yote Kiingereza. Nilijiona.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa njo niliharibu.

Nikatuma link kwenye group ya WhatsApp ya famille. Nikaweka picha ya koko, nikaigeuza noir et blanc sababu niliona ma-studio ya Ulaya banafanya hivyo. Chini nikaandika: "Mchango kwa ajili ya Koko Kavira. Tumukumbuke na shamba yake."

Kahindo akaniuliza, "Kasereka, uko sûr na hiyo picha?"

Nikamujibu ni style. Simu ikaisha umeme, nikaenda zangu kuoga.

Wakuu ba Tanzania na Kenya, nyinyi labda hamujui. Kwetu picha ya muzee isiyo na rangi, pamoja na neno mchango, ina maana moja tu.

Asubuhi yake ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa misa, simu yake imefungwa. Yangu bado iko kwa kijana anayechaji simu. Nikasikia camion, lori, inasimama inje, halafu sauti ya bamama, ile sauti yenyewe ya kilio. Nikafikiri kuna mutu wa kwetu amekufa.

Nikafungua mulango. Baba mudogo Mbusa, mudogo wa baba yangu, yule anafanya transport kule Beni, anashuka na bashi ya bleu, ile turubai ya kufunika batu kwenye kilio. Nyuma yake masufuria, kuni, gunia ya maharagi, na bashangazi banashikana mabega.

Akanikumbatia, machozi yanaingia kwenye shingo yangu. "Mutoto wangu, alituacha saa ngapi?"

"Nani?"

"Mama!"

Na koko alikuwa pale pale kwenye cour, uani, kwenye kiti yake, anachambua maharagi kwa vidole. Akageuza kichwa.

"Mbusa? Njo wewe? Unalia nini?"

Weee! Shangazi mumoja aliachilia sufuria. Mwengine alifanya ishara ya musalaba. Baba mudogo, mutu mukubwa vile, akakaa chini kwenye vumbi na shati yake ya Jumapili.

Koko akauliza nani amekufa. Bashangazi bakaniangalia mimi. Mwisho nikasema mimi, "Koko, balifikiri ni wewe."

Akaweka maharagi chini. Nikaogopa. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akatafuta kichwa ya baba mudogo kwa mukono, akaishika.

"Hapana kulia. Niko. Donc njo hivi mutakuya siku nikifa? Na bashi muzuri vile? Wasingya, batoto bangu, wasingya." Anatushukuru kwa Kinande, na mimi pale natamani ardhi inimeze.

Baba mudogo alipopata pumzi akanigeukia. Nilistahili. Akasema hata mchango wenyewe ulimushinda. "Nilibonyeza ile kitu yako. Ikaniuliza numéro ya carte. Nikaweka ya carte d'électeur. Inakataa! Nikaweka ya muke wangu mama Soki, inakataa! Nikasema basi, nitaenda mwenyewe."

Wakuu, alikuwa anaweka namba ya kadi ya kupigia kura. Cousin alituma mesaji kutoka Ubelgiji kwamba bengine ba famille baliweka hivyo hivyo. Kwetu ukisema carte bila kueleza, ni hiyo. Kadi ya banki, nani iko nayo?

Nilicheka, halafu ikaniuma. Hawa njo batu bangu. Bameacha kazi, bamepanda camion, na mulango niliobawekea ulikuwa na kufuli ya Kiingereza.

Koko akasema maharagi haitarudi Beni. Bashi ikafungwa juu yetu, tukapika, mama akatoka misa akakuta kilio inacheka. Siku ile batu baliongea juu ya koko mambo ambayo kawaida banangojea maiti. Namna alilisha bageni. Namna alimupiga baba mudogo na fagio. Yeye anasikiliza, uso umeinuliwa, anasema, "Tena. Sema tena ile ya fagio."

Ile campaign ya Amerika nikaiacha ife. Nikaenda kwa ile platform nilidharau, yenye rangi mbaya. Maandishi yote Kiswahili ya kwetu, unalipa na simu. Picha ni ya koko anacheka chini ya bashi, rangi zote. Maneno akasema yeye mwenyewe: "Niko muzima. Kuyeni muone shamba yangu."

Bakakuja. Batu ba Lubero, ba Beni, balio Kampala, kila mutu kadiri ya simu yake. Ilitosha. Kahindo akashuka kwenye ngazi, akachora.

Juzi alikuja Butembo na ordinateur, kompyuta yake. Tukamuweka koko karibu kabisa, pua inagusa écran, mimi nasogeza polepole ili kila kitu kipite kwenye kile kipande anaona. Akataja ndizi. Akataja jiwe la kuanikia. Tukafika kwenye nyumba, akashika mukono wangu nisisogeze.

"Nani alifunga mulango?"

Kahindo akasema, "Koko, tulifikiri ulifunga wakati munatoroka."

"Sikufunga. Kuku zilikuwa ndani. Niliacha wazi zipate kutoka."

Kahindo akainama, akafungua ule mulango pale pale kwenye mchoro. Kuku tulikuwa nazo tayari kwenye soko ya game, nikazihamisha. Zikaanza kutoka, moja moja.

Koko akaweka mukono kwenye écran, akaanza kuziita. Kahindo akatoka inje kulia, na mimi nikamufuata.

Somo langu kwa yule mwenzetu: acha kuanza na asilimia banayokata. Muchukue baba mudogo wako, mupe simu, angalia kama ataingia. Akishindwa, tafuta ingine. Na picha iwe na rangi, nakuomba.

Sasa tunaongeza sauti, maana macho ya koko hayatangoja. Yake ya kuita kuku tumeirekodi. Wakuu, kwenu mama alikuwa anaita kuku namna gani? Niandikieni hapa chini vile vile alikuwa anaita.