Chai Niliyoipika Kwenye Sufuria ya Nyama

Ni mimi. Kwa miaka minne nilikana, kwanza kwa mdomo, halafu kwa kunyamaza, halafu kwa ile mbinu ya wasomi ya kugeuza mazungumzo yawe ya siasa. Lakini aliyechemsha maziwa kwenye sufuria ya nyama ya mwenye nyumba wangu ni mimi, na tangawizi nilitia.

Ninapanga kijumba cha uani kwa mjane wa Kiyahudi, upande wa kaskazini wa Johannesburg ambako kuta ni ndefu kuliko nyumba. Jikoni kwake kila chombo kina pacha wake, kwa sababu sheria ya dini yake hairuhusu nyama na maziwa vikutane, iwe kwenye sahani, kwenye sufuria au hata kwenye sinki. Vyombo vya nyama vina alama nyekundu, vya maziwa buluu. Akila nyama, hungoja saa sita zipite ndipo anywe chai ya maziwa. Mimi ni Mkenya. Saa sita bila chai ya maziwa kwetu ni sababu ya kumwona daktari.

Aliyetawala jiko hilo hakuwa mjane mwenyewe. Alikuwa mpishi wake, mama Mkongomani wa Bukavu, aliyekuja kila asubuhi kutoka mtaa wa Bertrams. Mjane aliwasha moto, maana sheria inataka mkono wa Myahudi uwemo katika upishi, hata kama ni kuzungusha kitufe tu. Baada ya hapo alikaa pembeni. Mpishi alikuwa Mpentekoste wa kufunga na kuomba, lakini sheria za jiko lile alizijua kuliko watoto wa mjane, na ufunguo wa jikoni aliuvaa shingoni juu ya nguo ili uonekane. Siku moja aliwahi kuninyang'anya kijiko.

"Madame Prof," akasema, "vitabu yote ile umesoma, nyekundu na buluu ndiyo inakushinda?"

Alasiri ya tukio ilikuwa zamu yetu ya mgao wa umeme. Jiko langu ni la umeme, lao ni la gesi. Mjane na mpishi walikuwa wanatoka kwenda dukani, na mpishi akaniachia mlango wazi nichemshe maji kwenye birika. Mtu wa taifa jingine angechemsha maji, angerudi kwake na kumimina maziwa kikombeni, na mimi leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini aliyelelewa Nakuru hachanganyi chai, anaipika: maji, maziwa, majani na tangawizi vinachemka pamoja mpaka povu lipande juu. Birika haliwezi kazi hiyo. Nikachukua sufuria iliyokuwa karibu.

Chai ikafurika. Nikasugua sufuria haraka, nikairudisha mahali pake. Jioni hiyohiyo mjane akaona ganda la maziwa chini ya kishikio. Akamuuliza mpishi, naye akasema si yeye. Akaja kuniuliza mimi, nikajibu, na nayaandika kama yalivyonitoka: "Hata maziwa situmii."

Mkenya asemaye hivyo anastahili kuombwa pasipoti.

Mjane akampigia simu rabi wake, kama afanyavyo kwa kila jambo tangu mwavuli hadi dawa ya kikohozi. Nilikuwa nimekaa mezani kwake, nikingoja ngurumo. Rabi aliuliza maswali kama fundi bomba. Sufuria ni ya chuma au ya udongo? Ya chuma. Vizuri, isuguliwe, ikae siku nzima bila kutumiwa, kisha izamishwe yote katika maji yanayotokota. Ingekuwa ya udongo, mjane angelazimika kuitupa, kwa sababu udongo ukishanyonya hauachii. Basi. Hawakumaliza hata dakika tano. Nikarudi kwangu nimejaa amani. Sufuria imepona, sasa nani ameumia?

Wiki hiyo mjane alimwomba mpishi ufunguo. Hakumfukuza mpishi wala hakumfokea. Alimwambia tu kwamba nyama ataipika mwenyewe, yeye ashughulike na sakafu na nguo. Mpishi alivumilia mwezi mmoja, kisha akaenda kusuka nywele kwenye saluni ya Malvern, huko Jules Street. Siku ya mwisho alipita mlangoni kwangu.

"Madame Prof, miye sikuweka maziwa mu sufuria ya nyama. Unajua?"

"Najua, mama," nikasema.

Na nilijua kweli, kuliko mtu yeyote chini ya jua. Kazi alipata nyingine. Alichokiacha kwenye jiko lile ni jina lake, la mtu ambaye mkono wake haukosei, na mimi nilikuwa nimelikalia.

Ili nilale vizuri, nikaandika makala yenye tanbihi nyingi kuliko hoja. Humo nilidai kwamba sheria inayojali vijiko kiasi hicho haibakiwi na muda wa kujali watu. Ilisifiwa. Sifa hizo nilizipokea.

Mwaka huu, katika siku zile kati ya mwaka mpya wao na siku yao kuu ya kufunga, mjane alikuja mlangoni kwangu asubuhi na kikaratasi mkononi, cha majina ya watu wa kuwaomba radhi. Huja kila mwaka. Sheria yao inasema mfungo husafisha makosa kati ya mtu na Mungu, lakini ulichomtendea mwenzako Mungu hakisamehi kwa niaba yake. Ni lazima uende mwenyewe. Miaka mingine huniomba radhi kwa kelele za mashine ya kukata nyasi. Safari hii alivua miwani.

"Ile sufuria," akasema. "Nilipokuuliza, moyoni nilikushuku wewe kwanza. Kumshuku asiye na kosa ni kosa. Nisamehe, binti yangu."

Nimetetea tasnifu mbele ya maprofesa watano, na mmoja wao alikuwa hanipendi. Ile ilikuwa rahisi kuliko hii.

"Usiniombe radhi," nikasema. "Ulishuku sawasawa."

Akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa. "Wewe?"

"Mimi. Nilipika chai."

"Sufuria nzima kwa ajili ya chai?"

"Ndivyo tunavyoipika."

Akavaa miwani yake tena. "Habari ya sufuria ilimalizika kwa simu moja," akasema. "Mpishi nimemshuku miaka minne, na radhi nimekuja kukuomba wewe! Sheria yangu haikubani. Lakini simu unayo."

Namba alikuwa nayo yeye. Akapiga, akaweka sauti ya juu, akaiweka simu mezani katikati yetu. Upande wa pili kulikuwa na mashine ya kukaushia nywele na wanawake wakicheka. Mjane akaanza, kwa Kiingereza chake cha polepole: nilikukosea, nilikuondolea imani bila haki, naomba unisamehe. Mashine ikazimwa.

"Nimekusamehe, Mummy," akasema mpishi. "Lakini nani aliweka?"

Nikasogea. "Mama, ni mimi hapa. Siku ile kulikuwa na mazingira ambayo..."

"Madame Prof, acha mazingira. Maziwa ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Rangi uliiona?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimejificha kwa miaka yote minne, hata nilipokuwa peke yangu.

"Niliiona," nikasema. "Nyekundu. Nikajiambia sabuni ipo. Na walipokusingizia, nikanyamaza. Nisamehe, mama."

"Sema tena. Kwa nguvu, batu ba hapa basikie. Kisha kwa Kingereza, Mummy asikie."

Nikasema tena kwa nguvu, kisha kwa Kiingereza, bila tanbihi.

"Bon," akasema. "Nimekusamehe, imeisha. Sasa muniache, niko na mutu hapa nimemusuka upande moja tu."

Akakata.