Nilikatisha Fungate Yetu Kisiwani kwa Sababu ya Lugha Nisiyoielewa

Admin, jina langu naomba libaki kwako. Najua mke wangu anafuata ukurasa huu na akisoma anaweza kunitambua, lakini nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.

Nina miaka 34, mtumishi wa serikali, mzaliwa wa Singida. Nilipangiwa kazi Mbinga miaka minne iliyopita, na huku ndiko nilikompata mke wangu, mwalimu wa miaka 27, Mnyasa wa Lituhi. Tumefunga ndoa mwaka huu. Wenzangu ofisini wakatuzawadia siku tano kwenye kisiwa kidogo cha ziwani karibu na Mbamba Bay, kibanda cha nyasi mchangani, kazi yetu kula samaki na kuogelea. Tukitoka hapo tulipanga kupitia Lituhi kumsalimia bibi aliyemlea mke wangu, maana uzee ulimzuia kuja harusini.

Siku ya kwanza nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata. Siku ya pili akaja mwanamume wa rika la mke wangu anayetembeza wageni kwa mtumbwi, nimwite Festo. Kumbe alisoma darasa moja na mke wangu. Aliniita shemeji, akanipa mkono kwa heshima zote. Kisha wakaanza Kinyasa.

Ndugu zangu, mimi nimekulia nchi kavu, maji yakinifika kiunoni napiga ishara ya msalaba. Wao walivaa miwani ya kuogelea wakazama kwenye miamba kuangalia wale samaki wa rangi rangi, mimi nimekaa mchangani nalinda kandambili. Wanaibuka, wanacheka, wanazama tena. Mchana tukazunguka kisiwa kwa mtumbwi. Mke wangu mbele na kasia, Festo nyuma na kasia, mimi katikati nimeng'ang'ania kingo, na maneno yanapita juu ya kichwa changu. Nikasikia jina langu, wakacheka. Nilipouliza, mke wangu akasema Festo anasema nimekaa kama padri anayepelekwa kigangoni. Sikuamini. Maneno yote yale, halafu tafsiri yake iwe fupi hivyo?

Asubuhi ya tatu nikawakuta jikoni wanapaa samaki aina ya mbasa, mke wangu anasimulia kitu kwa mikono. Aliponiona akanyamaza. Labda alinyamaza ili anisalimie tu, lakini wivu ulishanikaba. Nikapanda juu ya jiwe ambako mtandao unashika, nikakaa huko na simu bila kumpigia mtu yeyote, nikashuka na kusema bosi ananihitaji ofisini haraka. Akauliza, na bibi? Nikamwambia bibi yupo, tutaenda likizo.

Alifunga begi bila kunung'unika. Kwenye basi, tukipanda milima kurudi Mbinga, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia kuanzia leo sitaki kusikia Kinyasa mbele yangu, ni dharau. Akasema taratibu, akitazama nje ya dirisha, "Wewe ukiongea Kinyaturu na kaka yako kwenye simu, mimi huwa nasubiri umalize. Nilidhani ndivyo mume na mke wanavyoishi."

Haikupita miezi miwili bibi akafariki.

Tulikwenda kuzika. Festo alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Mke wangu alipomwona alilia huku akisema maneno mengi, naye anamjibu. Naona aibu kuandika hili: nimesimama msibani, jeneza liko mbele yangu, na bado nilitaka kujua wanasemezana nini.

Baadaye mama mkwe akamuuliza, kwa Kiswahili kwa sababu nilikuwepo, mbona hatukufika kumwona bibi tulipokuwa huku ziwani. Mke wangu akajibu, "Mama, mume wangu aliitwa kazini ghafla. Isingekuwa hivyo asingeacha kuja." Mama mkwe akanigeukia, akanipa pole ya kazi. Nikaipokea.

Nyumbani kwetu sasa Kinyasa hakisikiki. Mama yake akipiga, mke wangu anatoka na simu mpaka kwenye mibuni nyuma ya nyumba, na mimi nasimama dirishani kuangalia kama anacheka. Ndicho nilichokitaka mwenyewe, na ndicho kinachonitafuna kuliko mwanzo.

Jumamosi hii tunarudi Lituhi kwenye misa ya kumwombea bibi. Jana, tukipanga safari, ameniuliza kwa upole kabisa kama akifika huko nitamruhusu aongee Kinyasa na ndugu zake. Nikajifanya natafuta chaja.

Nikimweleza kwamba hakuna bosi aliyenipigia, atajua ni wivu wangu uliomnyima kumwona bibi yake mara ya mwisho. Nisipomweleza, ataendelea kunitetea mbele ya watu wake kwa uongo wangu mwenyewe. Mliokaa kwenye ndoa kuliko mimi, nisaidieni. Nimwambie kabla ya Jumamosi, au nife nalo? Matusi nitayapokea, ila msiniache bila ushauri.