Zamu ya Moto Kule Lobule

Mimi kwa kawaida ni mtu wa kucheka. Wateja wangu pale Mvara, mjini Arua, wanafunzi na walimu wanaopita asubuhi kuchukua chapati, wananijua kwa kelele. Nawatania, nawasimulia ndoto zangu bila kuulizwa, namwambia kila mmoja kwamba siku moja nitakuwa na duka la mikate lenye vioo mbele, na watapanga foleni mpaka barabarani. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka huu nilikasirika mpaka chapati zikaungua kwenye kikaango, naomba mniamini. Na hasira yenyewe haijaisha. Naandika nikiwa nayo.

Nilizaliwa Lobule, upande wa Koboko. Aliyenifundisha kusali ni mama mmoja mjane, si mama yangu wa kunizaa, lakini sote tuliopita darasa lake la Jumapili tunamwita Mama tu. Hakuwa na mahubiri marefu. Alikuwa anatuambia kwamba Mungu amempa kila mtu kitu cha kuangalia, halafu anauliza cha kwako ni kipi. Mmoja anajibu mbuzi, mwingine mdogo wake. Mimi nilijibu sufuria ya maharage, watoto wakanicheka, yeye hakucheka. Jumapili iliyofuata alianza na maswali. Mbuzi yuko wapi sasa hivi? Mdogo wako ameamkaje? Maharage hayakuungua? Hilo ndilo lilikuwa somo lake la kukesha, na mimi nilidhani Wakristo wote wanafundishwa hivyo.

Msimu wa mvua uliopita, ukuta wa nyumba yake ulianguka. Ilikuwa mchana, Mungu ashukuriwe, yeye na wajukuu wake wawili walikuwa shambani. Ukaua kuku na kuvunja vyungu. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kukaushwa na jua, na maji yalikuwa yameila chini miaka yote hiyo. Tangu siku ile akawa analala na wajukuu katika jiko la kanisa, kati ya masufuria makubwa ya harusi. Sisi tuliokua mikononi mwake tukakubaliana kwamba safari hii Mama atapata nyumba ya matofali ya kuchoma.

Nani asimamie? Kanisani kuna kamati ya ujenzi, na kamati ina mwenyekiti, mtu wa suti na sauti nzuri, ambaye pia huhubiri mchungaji akisafiri. Alisema kazi hiyo aachiwe yeye, Mungu amemwekea moyoni. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, maana napenda mtu anayesema ndiyo.

Basi kila Ijumaa nilifunga biashara, nikapanda gari la Koboko, kisha bodaboda mpaka Lobule, ndoo ya chapati mapajani. Jumamosi tulikanyaga udongo kwa miguu, tukapiga matofali kwenye kalibu, tukaanika, tukafunika kwa nyasi. Jirani wa Mama, mzee Mwislamu aliyestaafu jeshi, ambaye kila mtu anamwita Afande, alitoa mikaratusi yake iwe kuni. Alikuwa anakaa pembeni na mguu wake mbovu akitutania kwamba Wakristo tuna nyimbo nyingi kuliko matofali. Mwenyekiti alikuja mara moja, akapigwa picha ameshika kalibu, akaondoka. Kalibu yenyewe ilikuwa safi.

Kuchoma matofali si kazi ya siri, kwetu hata watoto wanaielewa. Mnayapanga yawe tanuru refu, chini mnaacha midomo ya kutilia magogo, nje mnakandika matope ili joto lisitoroke. Ukishawasha, moto haupumziki. Unaulisha mpaka wekundu uonekane juu kabisa, ndipo unaziba midomo. Ukiuacha ukalala katikati, yale ya karibu na midomo yataiva, lakini mengine yatabadilika rangi tu. Kwa macho utasema ni tofali. Ni udongo uliovaa nguo ya tofali.

Tuliwasha Jumapili baada ya ibada, tukaulisha kwa zamu mpaka kukacha. Jumatatu wengi wetu tulikuwa na kazi. Mwenyekiti alifika na kiti chake cha plastiki, akakiweka mbele ya tanuru, na akabaki na vijana wawili wa kumsaidia kubeba magogo. Alituambia, "Nendeni na amani. Huu moto iko mikononi yangu mpaka jioni." Kisha akaomba, sala ndefu kiasi kwamba ilibidi nifungue macho katikati yake nitupe gogo. Nikapanda gari kurudi Arua, nywele zinanuka moshi, natabasamu peke yangu kama mjinga.

Jioni ile Afande akanipigia simu. Saa sita, alisema, gari lilikuja kutoka Koboko mjini kumchukua Mwenyekiti. Kulikuwa na mgeni mkubwa anakula na watu wa makanisa huko. Mwenyekiti alikwenda, na vijana wawili akawachukua pia, wakapange viti na kusimamisha hema. Hakumwambia mtu. Mama alikuwa kwenye mihogo yake, akijua moto una mwenyewe. Afande aliporudi kutoka msikitini alikuta kiti peke yake na midomo yote imejaa majivu. Alitupa magogo aliyoweza na ule mguu wake, lakini mvua ikaja ikamshinda.

"Binti yangu," aliniambia, "mimi nimekaa lindo miaka mingi. Jeshini hata ukitaka kukojoa, unaomba mwenzako ashike zamu. Huyu mutu ameacha kiti ndio inalinda."

Alicheka kidogo, kisha akakata simu. Nilirudi kwenye kikaango, na hapo ndipo chapati zilipoungua.

Mwenyekiti alirudi giza likiingia, akaamuru midomo izibwe, akatangaza kwamba tanuru limeiva. Na Jumapili iliyofuata, mchungaji akiwa safarini, nani alisimama mimbarani? Alituhubiria mfano wa bwana aliyesafiri akawaachia watumishi nyumba. Alitufokea kwamba tunalala. Alitaja wazazi wasiojua watoto wao wako wapi, vijana waliozama kwenye simu, viongozi wanaokula na kunywa huku nyumba ya Mungu ikiharibika. Kila alilosema lilikuwa kweli, na hilo ndilo liliniunguza. Nilishika benchi kwa mikono miwili. Watu waliitikia amina. Mama naye, mbele kabisa na wajukuu wake, aliitikia amina, taratibu, kama mtu anayepokea chakula.

Wimbo wa mwisho sikuimba. Mimi, ambaye huwa naimba hata nikikanda unga.

Tulipobomoa tanuru, mambo yalikuwa kama tulivyoogopa. Ya chini, karibu na midomo, yalikuwa mekundu, ukigonga yanalia. Mengine yote yalikuwa na rangi ya chai iliyokosa majani. Kamati ikakaa kibarazani kwa kanisa, sisi vijana tumesimama, Mama amekaa kwenye mkeka. Mwenyekiti akaeleza kwa ile sauti yake nzuri. Mekundu yatajenga kwanza ofisi mpya ya kamati, kwa sababu wageni wanakuja na kanisa ni sura ya Bwana. Yaliyobaki yatajenga nyumba ya Mama. Yatapigwa plasta ya simenti nje na ndani, hakuna atakayejua.

Hakuna atakayejua. Alisema hivyo mbele ya msalaba uliopigwa misumari juu ya mlango.

Mama akasema, "Nashukuru. Hata hiyo inatosha."

Ile shukrani ndiyo iliyonisimamisha. Mimi si msemaji wa mikutano, na shule niliacha karo ilipokatika. Chakula kilikuwa kinaletwa, na beseni la maji ya kunawa lilikuwa pale. Nilikwenda kwenye rundo la Mama, nikachukua tofali moja, nikalitumbukiza katika beseni. Nikamwambia Mwenyekiti tule kwanza, tukimaliza tutaliangalia. Watu walicheka bila kujua wanacheka nini. Mmoja aliuliza sasa atanawa wapi.

Tulikula ugali wa muhogo na maharage. Sikumbuki ladha. Beseni lilikuwa linatoa mapovu madogo madogo, na kila mtu akawa anatafuna huku jicho moja liko huko. Mpaka sahani zinakusanywa, tofali lilikuwa limekaa chini kama uji uliomwagika.

Nikauliza, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyopanga, "Hii ukuta itaangukia mutu gani?"

Mwenyekiti alisema sina adabu. Alisema Arua imeniharibu, msichana wa chapati anafundisha kamati. Halafu akasema mvua ni ya Mungu, nani anaweza kumzuia Mungu asiilete.

"Mvua ni ya Mungu," nikamjibu. "Moto ulikuwa mikononi yako. Wewe ndio ulisema, mbele yetu."

Mama aliinuka, akaja mpaka kwenye beseni, akainama akachovya kidole katika ule uji. Akakitazama kidole chake muda mrefu. Kisha akageuka akatazama wajukuu wake, waliokuwa wanagombania bonge la ugali na paka wa kanisa.

"Kumbe mimi nilikuwa nashukuru kaburi yao," akasema.

Hakumtazama Mwenyekiti alipolisema. Mimi nilimtazama kwa niaba yake. Wazee wa kamati waliongea kwa haraka sana, kama watu waliokumbuka ghafla kwamba wana midomo: mekundu yaende kwa Mama, na haya mengine yapangwe upya yachomwe mara ya pili. Nilitaka kuwauliza macho yao yalikuwa wapi Mwenyekiti alipokuwa anagawa. Walipita pale Jumatatu, mmoja wao anaishi hatua chache kutoka kwenye tanuru. Waliona kiti kitupu. Kila mmoja alisema moyoni kwamba moto una mwenyekiti wake.

Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo. Tunapenda kumpa mtu cheo ili sisi tukalale. Naye anapenda kupewa ili aonekane ameketi. Maharage yanaungua, na sote tuko kanisani tunaitikia amina.

Moto wa pili Mama aliusimamia mwenyewe. Alipanga zamu kwa mdomo, kila mtu saa zake, na zamu ya mchana, ile ile ya kuanzia saa sita, akampa Mwenyekiti. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamvuta pembeni, nikamwambia Mama, huyu mtu nusura akuzike, leo unampa moto tena? Nilikuwa karibu kulia kwa hasira.

"Mutoto yangu, tukimuacha nje, atarudi mimbarani kuhubiri tu," akasema. "Acha akae hapa moshi imuume macho. Na wewe ukae pale umuone."

Basi nilikaa pale. Mwenyekiti alikuja bila suti, amevaa shati la shambani ambalo sikujua analo. Hakunisalimia, nami sikumsalimia. Hakuomba msamaha siku ile, na mpaka naandika hajaomba. Alitupa magogo kimya, machozi ya moshi yakimtiririka, anajipangusa kwa kiganja na kujipaka masizi mpaka masikioni. Simu ililia mfukoni, akaongea maneno mawili, akairudisha. Afande alikuwa kwenye ua wake, anajifanya anachonga mpini wa jembe.

Jua lilikuwa limeegemea upande wa Kongo Mwenyekiti aliposimama ghafla, akatazama huku na huku. Nikajisemea, haya, anaondoka. Akanijia moja kwa moja, uso mweusi kama sufuria, akasimama mbele yangu akitazama miguu yake.

"Dada," akasema, "shika zamu kidogo. Nakwenda choo."

Kule uani Afande alikohoa, kikohozi kirefu sana kwa mtu asiye na mafua.

Sikucheka. Niliinuka, nikachukua gogo, nikalisukuma ndani ya mdomo wa kwanza mpaka cheche zikaruka. Hasira ilikuwa pale pale, imekaa kifuani, wala sikuiambia iondoke. Nilitazama njia ya kwenda chooni mpaka nikamwona anarudi, anafunga mkanda huku anatembea haraka. Ndipo nikamwachia moto, nikarudi mahali pangu, nikakaa ninapomwona.