Muuza pistoni anayekata bidhaa zake mwenyewe

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Mlango wa bati umefunguliwa nusu, na kutoka barabarani huoni kitu ndani isipokuwa ukanda mwembamba wa mwanga wa taa. Lakini sauti inatoka: chuma kinakula chuma, taratibu, kinanyamaza kidogo, kisha kinaendelea kama mtu anayetafuna bila haraka. Wapita njia hawashtuki. Fundi cherehani wa mlango wa pili hata kichwa hainui.

"Huyo kashaanza kuchinja," anasema, huku akitunga uzi kwenye sindano.

Ndani, mwanamke mwenye aproni ya turubai ameinama juu ya jiliwa iliyofungwa pembeni ya meza. Kwenye taya za jiliwa imebanwa pistoni mpya kabisa, imetoka kwenye karatasi yake ya mafuta dakika chache zilizopita. Anaikata katikati kwa msumeno wa chuma.

Mtaani wanamwita Mkata Mali. Anauza vipuri vya misumeno ya injini, ile ya kukatia miti, na wengi wanaomjia ni mafundi na wakataji ambao mashine zao zimekufa na zinahitaji pistoni nyingine. Karibu zote anazouza ni mbadala: hazikutoka kwenye kiwanda kilichounda mashine, bali kwenye viwanda vingine vinavyofuata vipimo vyake. Orijino huja kwa nadra. Zikija, wateja huuliza bei, kisha huaga kwa heshima.

"Mbadala si tusi," anasema. "Zipo nzuri, zipo mbaya, na zote zina sura moja. Ndiyo maana nakata."

Kila boksi huja na pistoni kumi. Moja hufa jiliwani kabla ya nyingine kuuzwa. Ni sehemu ya kumi ya mali yake, na anaitupa kwa mikono yake.

"Mume wangu alikuwa ananiuliza, hivi wewe unauza pistoni au unafuga hasara?" anasema na kucheka. "Siku hizi kazoea. Wageni wakija nyumbani anawaonyesha vile vipande kama picha za harusi."

Kabla ya kufungua duka alifanya kazi kwenye karakana ya kaka yake, mtaa wa nyuma. Kaka ndiye fundi. Yeye aliosha mashine zilizofunguliwa. Akaona pistoni zilizochubuka upande wa ekzosi kwa sababu mwenye mashine alitia petroli bila oili. Akaona zilizotoboka kichwani kwa joto. Hizo zilikuwa na wa kulaumiwa. Zilizomnyima raha ni zile mpya, zilizokufa wiki ya kwanza bila kosa la mtu.

Kuchagua, anasema, huanza mbali na msumeno. Huiweka pistoni kwenye mizani ya jikoni, maana ikizidi uzito itatetemesha mikono ya mtu siku nzima. Huipima upana, kwa kuwa mashine mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kutofautiana ndani kwa unene wa ukucha. Hutazama mshale kichwani, unaopaswa kuelekea ekzosi. Hupapasa kingo kwa kidole kidogo, akitafuta mikwaruzo. Boksi likipita hapo, ndipo moja inapoingia jiliwani.

Vipande viwili vinaanguka mezani. Anavitazama kwa lenzi. Chuma kimeshikana vizuri, hakuna vitundu. Kisha anatazama pini.

Pini hiyo ni ndogo kuliko punje ya mchele. Imepigiliwa kwenye mfereji wa ringi. Ringi ni duara lililokatwa mahali pamoja, na pini ndiyo inayozuia mkato huo usizunguke ukafika kwenye dirisha la ekzosi, tundu la kutolea moshi lililo kwenye ukuta wa silinda. Pini ikichomoka, ringi huzunguka, ncha yake hunasa dirishani na kuvunjika, na injini hukwama palepale.

Anaigusa kwa koleo yenye mdomo mwembamba. Inatoka kama jino la maziwa.

Anavuta boksi na kulifungua. Zilipaswa kubaki tisa. Zipo nane.

"Ngazi," anasema.

Ngazi ni mkata matawi, mrefu kama jina lake, ambaye hupanda juu ya miti akiwa amejifunga kamba, msumeno ukining'inia kiunoni. Jana jioni alimkuta Mkata Mali akifunga duka, boksi likiwa limefika muda huohuo. "Mama, leo usichinje, nina kazi asubuhi," alimwambia. Mama akacheka, akampa. Hakuwa amewahi kuuza kutoka kwenye boksi ambalo hajalikata.

Anapiga simu. Inaita, haipokelewi. Anampigia kaka yake, maana ndiye anayemfungia Ngazi mashine. Kimya pia. "Kule mashine zinaunguruma tu, watasikia nini?" anasema. Anavuta mlango na kuondoka kwa mwendo wa mtu anayetaka kukimbia lakini anaona haya.

"Mtu yuko juu, tawi limekatwa nusu, mashine ikwame," anaeleza njiani bila kugeuka. "Kumaliza hawezi, kuliacha hawezi. Hapo tawi ndilo linaamua."

Karakana ni banda la bati, sakafu ya saruji iliyokunywa oili hadi ikawa nyeusi, minyororo imetundikwa ukutani. Msumeno wa Ngazi uko mezani, umeshafungwa pistoni ile. Ngazi mwenyewe yuko pembeni, kamba begani, tayari kuondoka.

"Dada, umekuja kuchukua hongera?" kaka yake anamuuliza. "Hebu sikiliza." Anavuta kamba ya kuwashia, na mashine inaitika mara moja.

"Zima, kaka."

"Mbona inaimba?"

"Zima. Halafu ifungue."

Ngazi anacheka, kisha anaona uso wake na kuacha. Mkata Mali anaweka nusu pistoni na pini kwenye kiganja cha kaka yake. Kaka anaigeuzageuza ile pini.

"Hii ni hii," anasema hatimaye. "Ya Ngazi ni ya Ngazi. Umejuaje kama nayo imelegea?"

"Sijui. Ndiyo maana nimesema ifungue."

"Vijana wangu wako kwenye gari," Ngazi analalamika. "Mwenye nyumba keshaanza kupiga simu. Nikichelewa, anaita mwingine."

"Akiita mwingine, angalau utakuwa hai unune."

Kaka mtu ananong'ona kitu kisichoandikika gazetini na kuchukua spana. Ekzosi inatoka, kisha kabureta, kisha silinda, ingali na joto. Anaitoa pistoni, anaivua ringi. Pini ipo mahali pake. Kwa macho, haina tofauti na ile mbovu.

"Nipe msumeno wa chuma," anasema Mkata Mali.

"Wa nini?"

"Niikate. Ndivyo ninavyojua mimi."

Kaka anaifunika pistoni kwa kiganja. "Ukiikata tutaijua, dada, lakini hatutakuwa na cha kumfungia huyu. Siku zote unaijua ile uliyoiua. Hizi nyingine unazowauzia watu, unazijuaje?"

Mkata Mali anaurudisha mkono aliounyoosha kuomba msumeno.

Kaka yake hangoji jibu. Anachukua bisibisi nyembamba ya fundi saa na kuisukuma pini kulia, kisha kushoto. Anaivuta kwa koleo mpaka ncha za vidole zinakuwa nyeupe. Haitikisiki. Anampa dada yake naye ajaribu. Anavuta kwa hasira, kama anayeidai. Haitikisiki.

"Kwa hiyo umenifungulia mashine nzima," anasema Ngazi.

"Ilikuwa nzima," anakiri Mkata Mali.

"Na asubuhi yangu je?"

"Hiyo ndiyo kaikata," kaka mtu anadakia, na wanaume wawili wanacheka.

Mkata Mali hacheki. Ngazi naye anaacha. "Niambie ukweli, mama. Wewe ungepanda nayo?"

Anaisukuma pini mara moja zaidi. "Hiyo ningepanda nayo. Zile nane za dukani, sijui."

Pistoni inarudishwa, pamoja na gasketi mpya ya kuziba silinda. Mwenye nyumba, kwa masharti na maneno mengi, anakubali kazi isogezwe hadi saa nane.

Dukani, Mkata Mali anazipanga zile nane mezani na kuzijaribu kwa bisibisi aliyoazimwa na kaka yake. Tano zinashika. Tatu pini zao zinacheza. Aliyemuuzia boksi anasema kwenye simu kwamba hajawahi kusikia malalamiko ya namna hiyo, na yeye anamjibu kwamba sasa ameyasikia.

Hataacha kukata. Kuvuta pini hakuonyeshi vitundu vilivyo ndani ya chuma, anasema. Lakini amemwomba kaka yake amtengenezee kifaa chenye springi, kitakachovuta kila pini kwa nguvu ileile, hata siku ambayo yeye amechoka au ana haraka. Kaka amekubali, baada ya kumtania vya kutosha.

Kabla ya saa nane gari la Ngazi linasimama mbele ya duka, kamba na vijana wake nyuma.

"Mama! Ngapi zimelegea?"

"Tatu."

Ngazi anatikisa kichwa taratibu. "Nina mashine nyingine inataka pistoni. Nije, au nitafute pengine?"

Mkata Mali anatoka hadi dirishani kwa gari, bisibisi mkononi.

"Njoo," anamwambia. "Pini nitaivuta mimi, mbele yako, kisha nakupa uivute na wewe. Ikitikisika, dukani hutoki na pistoni, hata ukinililia."